Kusikiliza ni Deni la Nani?



Katika lugha yetu neno "kusikia" lina maana mbili. Maana ya kwanza ni ya masikio tu: tumesikia kengele, tumesikia mvua. Maana ya pili ni kutii. Mzazi akisema, "Mtoto huyu hasikii," jirani hamshauri ampeleke hospitali akapimwe masikio. Anaelewa mara moja kwamba mtoto ni mkaidi. Na methali yetu inamwonya mtoto huyo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ni ya kweli, nasi hatuna nia ya kuipinga. Vijana wengi wamevunjika guu kwa kutokusikia.

Lakini tukiitazama vizuri, tunaona kwamba inasema habari za upande mmoja tu. Mdogo amsikie mkubwa. Mwanafunzi amsikie mwalimu, mke amsikie mume, muumini amsikie Padre. Basi mtu aweza kukua hata akazeeka huku akidhani kwamba kusikiliza ni deni la wadogo, na kusema ni haki ya wakubwa. Na kwamba akisha kupata mvi, au cheo, au kola ya upadre, deni lake limekwisha, sasa ni zamu yake kusikilizwa. Swali tunalotaka kulitafakari pamoja ni hili: je, ndivyo Injili inavyotufundisha? Katika nyumba ya Mungu, kusikiliza ni deni la nani?

Mzee Eli na mtoto Samweli

Habari za Samweli twazijua tangu Shule ya Jumapili. Mtoto amelala katika nyumba ya Bwana kule Shilo, anaitwa usiku, na kila anapoitwa anamkimbilia mzee Eli akidhani ndiye aliyemwita. Watoto wetu hufundishwa kwamba Samweli alikuwa msikivu, na ni kweli. Lakini sura ile ya tatu ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli ina msikilizaji wa pili, naye husahauliwa.

Kulipokucha, Samweli aliogopa kumwambia Eli yale aliyoyasikia. Yalikuwa maneno mazito: hukumu juu ya nyumba ya Eli mwenyewe, kwa sababu wanawe walikuwa waovu, naye hakuwazuia. Nani atathubutu kumwambia kuhani maneno kama hayo? Tena mtoto anayelelewa kwake, anayekula chakula chake! Samweli akafungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida ya kazi yake, akanyamaza.

Ni Eli aliyemwita. Ni mzee aliyemtaka mtoto aseme, akamwapisha asimfiche hata neno moja. Na alipokwisha kuambiwa yote hakumkaripia, wala hakumwuliza amepata wapi ujasiri wa kusema hivyo mbele ya mkubwa wake. Alikubali kwamba ni Bwana aliyesema. Eli alikuwa na makosa katika malezi ya wanawe, wala Biblia haimfichi. Hata hivyo asubuhi ile alifanya jambo kubwa. Neno la Mungu lilikuwa limekwisha kufika nyumbani kwake, lakini lilikuwa limefungwa katika kifua cha mtoto mwenye hofu. Nani ajuaye lingekaa humo siku ngapi kama mkubwa asingalitaka kusikiliza?

Hapo tunaona jambo la kwanza. Kuna maneno ambayo Mungu huyaweka kwa wadogo, na wadogo hawana ufunguo wa kuyatoa. Ufunguo uko mikononi mwa mkubwa.

Bwana alimwuliza kipofu

Tumtazame sasa Bwana wetu katika njia ya Yeriko. Bartimayo ameketi kando ya njia akiomba sadaka. Anapiga kelele, na umati unamkemea anyamaze. Bila shaka watu wale walidhani wanamheshimu Bwana: mtu mkubwa anapita, maskini asimsumbue. Lakini Bwana alisimama. Akaagiza aitwe. Na alipofika akamwuliza anataka afanyiwe nini.

Swali hilo limewashangaza wengi. Kila mtu aliona kwamba huyu ni kipofu. Kulikuwa na haja gani ya kumwuliza? Tena aliyeuliza ndiye ajuaye yaliyomo mioyoni mwa watu kabla hawajasema. Sisi twaona kwamba Bwana aliuliza ili kumpa Bartimayo heshima ya kuitaja haja yake kwa kinywa chake mwenyewe. Siku zote alikuwa ameomba fedha. Leo amepewa nafasi ya kusema analolitaka kweli. Upendo haumpakii mtu wema kama mzigo unavyopakiwa juu ya punda. Upendo humwuliza kwanza. Na kama yeye ajuaye yote aliuliza kabla ya kutenda, sisi tusiojua hata yaliyo nyuma ya mlango wa jirani yetu tutapata wapi haki ya kujibu kabla ya kuulizwa?

Wakumbukeni pia rafiki watatu wa Ayubu. Walipofika na kumwona jinsi alivyopigwa, waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makuu mno. Huo ulikuwa msiba wa kweli, kama tunavyokaa matanga sisi. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa. Mengi waliyoyasema yangeweza kuhubiriwa kanisani bila mtu kuona dosari: kwamba Mungu ni wa haki, kwamba dhambi huleta adhabu. Lakini hawakuyasikiliza majibu ya Ayubu. Kila alipolia, walipata hoja mpya ya kumshinda. Na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, wala si yule aliyelalamika.

Neno "vumilia"

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya adabu tu, ya mtu kungoja zamu yake katika mazungumzo. Sivyo. Wakati mwingine ni jambo la uhai na mauti. Tutoe mfano, usio wa mtu fulani, bali wa mambo yanayoweza kutokea katika mtaa wo wote.

Mama mmoja anafika jioni nyumbani kwa mzee wa kanisa. Kama ilivyo desturi, haanzi na lililomleta. Anaanza mbali: bei ya unga, homa ya mtoto, mvua iliyochelewa. Baada ya kitambo anasema kwa sauti ndogo, "Baba, kule nyumbani si kuzuri." Mzee ni mtu mwema, amesuluhisha ndoa nyingi, naye anadhani amekwisha kuielewa habari yote. Anamjibu, "Mwanangu, ndoa ni msalaba. Vumilia, mwombe Mungu, mumeo atabadilika." Anasali naye vizuri, anamsindikiza mpaka njiani, na anarudi akimshukuru Mungu kwa nafasi ya kuhudumu.

Yule mama alikuwa hajaanza kusema. Alikuwa hajasema kwamba anapigwa, kwamba juma lililopita alishikiwa panga, kwamba anauogopa usiku wa leo. Naye hatakuja tena, kwa maana amekwisha kupewa jibu la kanisa.

Katika maneno ya mzee yule mengi yanafundishwa na dini yetu. Uvumilivu ni tunda la Roho, na sala ina nguvu. Lakini alitoa dawa kabla ya kuuliza panapouma. Mganga wa zahanati akifanya hivyo tutamshtaki; mshauri wa kiroho akifanya hivyo twasema ana hekima. Neno "vumilia" likisemwa baada ya kusikiliza laweza kuwa neno la imani, na kuna taabu ambazo halizifai hata baada ya kusikiliza. Likisemwa kabla, maana yake ni moja tu: usiniambie zaidi.

Na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kwa nini binadamu ni mwepesi wa kusema? Si kwa sababu ulimi hauna mfupa tu. Ni kwa sababu kusikiliza kuna gharama. Mzee yule angalisikia habari yote, asingalilala usiku ule kwa amani. Ingalimlazimu kumtafutia mama huyo mahali pa salama, kumwita Padre, kumkabili mume ambaye pengine ni rafiki yake, hata kwenda naye kituo cha polisi. Maneno ya haraka ni ua tunaouzungushia nafsi zetu, ili taabu ya mwenzetu isiingie uani mwetu. Ndiyo sababu twasema kwamba kusikiliza ni tendo la upendo, wala si utangulizi wa upendo. Anayesikiliza amekwisha kuufungua mlango, wala hajui kitakachoingia.

Waliotangulia kusikiliza

Kanisa letu la Anglikana halikosi mifano ya jambo hili. Mwaka 1864 Askofu Tozer alifika Unguja pamoja na Padre Edward Steere. Steere alikuwa msomi aliyehitimu sheria mpaka kupata shahada ya udaktari. Katika siku zile Wazungu wengi walidhani kwamba Mwafrika hana la kumfundisha Mzungu. Lakini Steere aliketi na watu wa Unguja kama mwanafunzi. Aliwauliza maneno, akawasikiliza wakisimulia hadithi zao, akaziandika kama walivyozisema. Mwaka 1870 zilichapishwa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili na hadithi hizo za Kiswahili, na kutokana na masikio hayo hayo zikatoka tafsiri zake za Maandiko. Alifanywa Askofu mwaka 1874, akafariki mwaka 1882. Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ni kazi yake ambayo wageni huja kuitazama. Kazi yake nyingine haitazamwi, husikika: ni sala katika lugha ambayo watu wanaielewa. Kabla ya kumtoka kinywani, lugha hiyo ilipita masikioni mwake, naye aliipokea kwa watu ambao wengi wao hatuyajui hata majina yao.

Mfano wa pili watoka Uingereza. Mwaka 1935 Chad Varah, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi ya Kanisa, alimzika msichana wa miaka 14 aliyejiua. Msichana yule alikuwa ameanza kuona siku zake, akadhani ameshikwa na ugonjwa mbaya, wala hakuwa na mtu wa kumwuliza. Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Kulikuwa na wazazi, walimu, na kanisa. Watu wa kumwambia mambo walikuwa wengi. Wa kumsikiliza hakupatikana hata mmoja.

Varah hakulisahau kaburi lile. Mwaka 1953, akiwa Padre wa kanisa la Mtakatifu Stefano Walbrook mjini London, alianzisha huduma ya kupokea simu za watu waliokata tamaa ya kuishi, ambayo ndiyo Samaritans, yaani Wasamaria. Walei walijitolea kumsaidia, kazi yao ikiwa kuwapa chai wale waliongoja zamu ya kumwona Padre. Ikaonekana kwamba wengi walipokwisha kuzungumza na wale wa chai walipata nafuu, hata wengine hawakuhitaji tena kuonana na Padre. Mwaka 1954 Varah akawakabidhi walei kazi ya kusikiliza. Ni unyenyekevu mkubwa kwa mwenye elimu kukiri kwamba kikombe cha chai na sikio lenye subira vimefanya kazi kuliko ushauri wake.

Na mfano wa tatu u karibu nasi zaidi. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi pamoja na mabibi 14. Mabibi hao walifundishwa kuketi na wenye mawazo mazito kwenye benchi nje ya zahanati. Walikuwa wazee, watu ambao kwa desturi ndio wenye haki ya kushauri. Lakini hatua yao ya kwanza, ambayo kwa Kishona huitwa kwa maneno yenye maana ya kufungua akili, ni kumwacha mgonjwa aeleze taabu zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliohudumiwa na mabibi hao walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mvi zao hazikupungukiwa na heshima.

Hoja tatu

Wapo watakaosema kwamba mkubwa akisikiliza wadogo, madaraka yataanguka. Hawa wanaweza kujifunza kwa Mtakatifu Benedikto, aliyewaandikia watawa wake Kanuni katika karne ya 6. Kanuni hiyo inaanza kwa kumwamuru mtawa asikilize. Lakini katika sura ya 3 inamwamuru mkuu wa nyumba naye, kila likiwapo jambo zito, awaite ndugu wote, na vijana wasiachwe nje, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo jema zaidi. Akisha kuwasikia, mkuu mwenyewe ndiye aamuaye. Kusikiliza hakukumwondolea madaraka yake. Kumeyapa macho.

Wengine watauliza: je, dhambi isikemewe? Tumsikilize tu mwovu na kutikisa kichwa? La, hasha. Hatukusema kusikiliza badala ya kusema. Tumesema kusikiliza kabla ya kusema. Akemeaye bila kusikia aweza kumkemea asiye na hatia na kumwacha mwenye hatia akiitikia Amina. Mume wa yule mama anastahili kukemewa, lakini nani atamkemea, ikiwa hakuna aliyesikia? Kusikiliza hakuwi ulegevu. Ndiko kunakolipa karipio letu shabaha.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo inatoka kwa wadogo wenyewe. Wanasema, "Tutasemaje, na kesho maneno yetu yako kisimani?" Ni kweli. Kuna masikio yanayosikiliza kwa uchu, kama mtu anayekusanya kuni za kuwashia moto wa masengenyo. Mtu aliyeaminiwa siri akaitembeza ameiba, hata kama hakuchukua shilingi moja. Padre amefungwa na siri ya maungamo. Walei hatukufungwa na kiapo hicho, lakini tumefungwa na upendo. Ikiwa uhai wa mtu u hatarini na ni lazima mwingine aambiwe, basi mwenye habari ajulishwe kwanza, na aambiwe yule tu awezaye kusaidia. Penye wambea, hata tukihubiri habari za kusikiliza mwaka mzima, hakuna atakayefungua kinywa.

La kufanya katika mtaa wetu

Yafaa basi tujiwekee mazoezi machache, kama tunavyojiwekea mfungo. Mtu akija kwetu na neno, tusilimalizie sentensi yake. Akinyamaza, tusikimbilie kuujaza ukimya; pengine analitafuta neno gumu. Akisha kusema, tumwulize, "Je, lipo lingine?" kwa maana lililomleta mara nyingi ndilo la mwisho. Kisha tumwulize swali la Bwana wetu: anataka afanyiwe nini? Huenda anataka ushauri, au fedha, au mtu wa kwenda naye mahali, au anataka tu kujua kwamba sasa hayuko peke yake.

Katika mikutano ya halmashauri, wenyekiti wajaribu kuwaacha wadogo waseme kwanza. Mzee akisha kutoa kauli, kijana ataiunga mkono tu, na mawazo yake atakwenda kuyasema nje chini ya mwembe. Na wazazi, tuwaulize watoto wetu jioni, si kwa kuwahoji kama askari, bali kama Eli alivyotaka kuambiwa yote, hata yale yatakayotuchoma sisi wenyewe. Mtoto aliyezoea kusikilizwa katika mambo madogo ya shule ndiye atakayethubutu kusema siku atakapoguswa na mtu mbaya.

Mkubwa kuliko wote

Mwisho, tusidhani kwamba mambo haya tumeyaazima kwa madaktari au kwa watu wa ushauri. Yameanza kwa Mungu mwenyewe. Katika kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Hajiri, mjakazi wa Kimisri aliyekimbia mateso ya bibi yake. Mdogo kuliko yeye hakuwapo katika nyumba ile: mwanamke, mgeni, mtumwa, mtoro, tena mja mzito. Malaika wa Bwana alimkuta jangwani penye chemchemi. Je, alianza kwa kumwonya? Alianza kwa kumwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi, akamwacha ajibu. Ndipo akamwambia la kufanya, nalo lilikuwa gumu. Na mtoto atakayezaliwa akaagizwa aitwe Ishmaeli, maana yake Mungu husikia.

Huyo ndiye Mungu tunayemwabudu. Naye alimwambia Musa kwamba amesikia kilio cha watu wake kule Misri, kabla hajamtuma aende kusema mbele ya Farao. Kila tunapopiga magoti tunaamini kwamba Mkuu wa wakuu ana nafasi ya kusikia habari za homa ya mtoto na bei ya unga, wala hatukatizi tukiwa katikati ya maneno.

Basi, kusikiliza ni deni la nani? Ni deni letu sote. Mdogo anadaiwa na mkubwa, kama methali yetu isemavyo. Lakini mkubwa anadaiwa zaidi, kwa kuwa amewekwa mahali pa kumfananisha Mungu mbele ya wadogo wake. Mungu na atupe masikio kabla ya kutupa maneno.